Mabwana Kumi na Mmoja wa Mhubiri Hyacinthe

Minye, Generose, sikuzaliwa na subira, na Mungu aliyeniumba anajua kwa nini. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Jumapili moja nilisimama mbele ya mtu aliyekuwa anachukua ng'ombe wangu, nikafunga kinywa, tena nikampigia makofi, msidhani ni woga. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, hapa hapa Bwegera. Mpunga ulikuwa umevunwa, pamba ya serikali imekwisha kupimwa, na watu wanangoja mvua ya kwanza.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Gaju, mwekundu kama udongo wa kichuguu, na nyumbani kwangu alikuwa yeye peke yake. Marehemu mume wangu Venant alimpata bibi yake Gaju kwa jasho. Kwetu Barundi wa bonde hili, mtu akikupa ng'ombe anakufanya kuwa mtu wake. Anakuwa bwana wako. Akikuita umjengee uzio, unakwenda. Pombe ikiiva kwako, mtungi wa kwanza ni wake. Ng'ombe akizaa, unamkumbuka, na huwezi kumuuza yule ng'ombe bila yeye kukuachilia. Ukikataa mara tatu mbele ya shahidi, anakuja kuchukua ng'ombe wake, na majirani wanamsaidia kumswaga. Venant alimtumikia bwana wake miaka saba, mpaka yule mzee akamwachilia mbele ya watu akisema, "Kwenda, umekuwa mtu mzima." Miaka saba ya mgongo wa mume wangu, na kilichobaki kwa yote hayo ni Gaju.

Gaju alikuwa mahari ya mwanangu Térence. Alikuwa amemposa Inamahoro, binti ya Mama Pudentienne wa ng'ambo ya kijito, msichana mwenye mikono ya kazi na macho ya kucheka. Lakini Pudentienne hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alikuja kwangu akaketi, akakataa hata maji.

"Mama Térence," akasema, "tunakupenda. Lakini kuna watu wa Luvungi wamekuja na ng'ombe wawili. Minye nimewaambia wangoje. Mvua ya kwanza ikinyesha na Gaju hajalala kwetu, sitawaambia tena wangoje."

"Gaju atalala kwako kabla ya mvua," nikamwambia.

"Neno lako ninalijua," akasema, ndipo akaomba maji.

Sasa nimtaje huyo mhubiri. Hyacinthe alitoka Albertville kwa meli, akashukia Uvira, akapanda huku bondeni na velo, baiskeli yake, amevaa suti nyeupe na kofia ya chapeo. Mapadri hawakumtuma, Waprotestanti hawakumjua. Yeye alisema Mungu amemtuma bila barua. Alikuwa na sauti tamu, hilo sitamnyima, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Watu wakamjengea kanisa la nyasi kando ya barabara, na nyuma yake boma.

Boma la nini? La ng'ombe, ndugu zangu! Maana mafundisho yake yote yaliishia hapo. Alisema kila kitu ulichokitunza kwa ajili ya mtu umpendaye, kina laana mpaka kipite kwanza mikononi mwa mtumishi wa Mungu. Mke wako akikohoa, ni kwa sababu ya ng'ombe uliyemficha Mungu. Mtoto wako akiwa mzima, laana bado iko njiani. Hata ukipiga chafya, dawa ilikuwa ng'ombe. Na aliyetoa angerudishiwa mara saba kabla ya mvua. Ng'ombe wenyewe, alisema, ni wa kununulia kanisa mabati. Miezi minane ikapita, kanisa likabaki la nyasi, na shingo ya Mhubiri ikaanza kukunjana kwa maziwa ya ng'ombe kumi.

Wa kwanza kumpa alikuwa Mzee Nkeshimana, mchunga ng'ombe wa tangu zamani, mgomvi kama minye, sikio moja limekufa. Mke wake alikuwa anakohoa. Siku alipomleta ng'ombe wake kanisani, alimfundisha Mhubiri namna tunavyopokea hapa kwetu. Unashika fimbo ya kuchungia kutoka mkononi mwa mtoaji, halafu unapaza sauti: fulani amenipa ng'ombe! Watu wanapiga makofi. Mhubiri alipenda sana yale makofi. Aliona kwamba jina la mtu likitajwa hivyo, jirani yake anaona haya, na Jumapili inayofuata naye anakuja na kamba mkononi. Basi akaifanya kuwa ibada. Kila Jumapili alirudia majina yote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Lakini maana yake hakuuliza. Mtu mwenye mkono wazi kila mara hana nafasi ya kuuliza.

Nanyi mtaniuliza, je, Barundi wa Bwegera hawakuona? Hawakuona. Walidhani mtu wa Mungu yuko juu ya desturi. Minye mwenyewe sikuona, kwa sababu sikuwahi kuingia mle. Minye Jumapili nilikwenda kwa mapadri.

Térence ndiye aliyekuwa akiingia. Ijumaa moja alitoka shambani, akasimama mlangoni bila kuweka jembe chini.

"Mama, Mhubiri ameniambia jambo la Inamahoro."

"Anamjua wapi Inamahoro?"

"Amesema Gaju akienda kwao kabla ya kwenda kwa Mungu, Mungu atalifunga tumbo la Inamahoro. Hatazaa."

Hasira ilinikalisha chini. Yule mtu alitafuta mahali panapouma akaweka kidole. Mwanangu alikuwa mtoto wangu mmoja aliyebaki, watatu niliwazika, na tangu utoto wake alitaka nyumba yenye kelele.

"Na Gaju akienda kwa Mhubiri," nikamuuliza, "kwa Pudentienne utapeleka nini? Kwato?"

"Mungu atarudisha mara saba."

"Nkeshimana amerudishiwa wangapi?"

Akageuza jembe mkononi. Nikadhani nimemshinda. Kumbe mtu aliyeogopeshwa humshindi kwa hesabu.

Jumapili nilirudi kutoka misa nikakuta kamba peke yake kwenye nguzo. Lo! Nilikimbia na nguo zangu za misa, rozari shingoni, viatu mkononi, nikipita katikati ya mashamba ya mpunga kama mwehu. Nilipofika kanisa la nyasi, Gaju alikuwa amesimama mbele pale, anatafuna majani ya ukuta. Térence ameshika kamba na fimbo, kichwa chini. Kanisa lilikuwa limejaa watu.

Matusi niliyokuwa nimeyaandaa njiani yangetosha kijiji kizima. Nilivuta pumzi. Lakini Mhubiri alikuwa mjanja, aliniona kabla sijafungua kinywa. Alijua mjane akipiga kelele, siku yake imeharibika. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Huyu hapa!" akasema. "Mama mwenye imani! Amekuja mwenyewe kutoa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Akanishika mkono, akanivuta mbele, akapaza sauti ile yake tamu:

"Generose amenipa ng'ombe!"

Ndipo matusi yangu nikayasahau. Nililisikia lile neno kwa sauti ya Venant. Miaka saba Venant alilisema, akiapa, akishukuru, akijikwaa jiwe njiani: fulani amenipa ng'ombe. Na kila alipolisema alikuwa anasema, minye ni mtu wa fulani. Nikamtazama huyu bwana wa suti nyeupe, nikatazama watu wote wale waliolisikia, mashahidi zaidi ya mia. Nikajiambia, Generose, meza mate.

Nikachukua fimbo kutoka kwa Térence. Nikaiweka mkononi mwa Mhubiri kwa mikono yangu yote miwili.

"Sema tena," nikamwambia, "wa nyuma hawajasikia."

"Generose amenipa ng'ombe!" Akapiga kelele mpaka Gaju akageuka.

Nikapiga makofi. Térence alinitazama kama mtu aliyeona mama yake amekufa. Nilimwacha na mawazo yake, maana ningemweleza angemwendea Mhubiri.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Nkeshimana. Yeye ndiye aliyechunga ng'ombe wote wa Mhubiri, bure, kwa ajili ya Mungu. Nikaketi upande wa sikio lake zima.

"Mzee, ulimpa Mhubiri ng'ombe?"

"Nilimpa. Unajua nilimpa."

"Alisema jina lako?"

"Kila Jumapili analisema."

"Uzio wako umelala chini tangu kiangazi. Amekuja kuusimamisha?"

Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Yule ni mtu wa Mungu, Mama Térence."

"Kama ni mtu wa Mungu, kwa nini anasema ni mtu wako?"

Mzee akakuna magoti. Aliniambia mke wake bado anakohoa, tena sasa zaidi, kwa sababu maziwa aliyokuwa anakunywa yamekwenda. Aliniambia anaogopa laana. Na mwisho, kwa sauti ndogo, akaniambia lile alilokatazwa kusema: Alhamisi kamio, lori la wachinjaji wa Uvira, inapita, na Mhubiri amemwamuru aswage ng'ombe wote kumi na mmoja mpaka barabarani.

"Anasema anakwenda kununua mabati," akasema.

"Na velo yake?"

"Amesema naye atapanda kamio. Na velo. Na sanduku."

Mabati hayahitaji sanduku.

"Mzee," nikamwambia, "nina siku tatu, na mara tatu za kumwita. Nataka shahidi. Sikuombi uchukue ng'ombe wako, uogope laana yako upendavyo. Nakuomba tu uje na sikio lako zima."

Alinung'unika sana, lakini alisimama.

Siku ile ya kwanza Mhubiri alitupokea vizuri. Nikamwambia, "Mtu wangu, uzio wangu umeharibika upande wa kijito. Njoo na panga, matete utayakata mwenyewe." Akacheka mpaka akashika tumbo. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki, akasema imani ya wajane inamfurahisha. Nikamshukuru nikaondoka. Nkeshimana alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Jumanne tulimkuta anakunywa maziwa kwenye kibuyu. Maziwa ya Gaju, ninayajua kwa rangi. Nikamwambia, "Mtu wangu, uzio bado." Safari hii hakucheka. Akaniuliza kama nimepatwa na homa. Akasema yeye si kibarua wa wanawake.

Nyumbani Térence hakula. Watu walikuwa wameshamwambia kwamba mama yake anamwita Mhubiri "mtu wangu" kama vile anamwita mpika pombe.

"Mama, acha," akasema. "Nakuomba. Unamtukana, na Inamahoro ndiye atakayelipa."

"Mwanangu, minye simtukani. Ninamwita kazini."

"Kama hatazaa?"

Machozi yalikuwa machoni mwake, mwanaume mzima. Yaliniuma. Ningeweza kumlaza kichwa chake mapajani kama zamani na kumwambia yaishe, ng'ombe akaende, tutatafuta mwingine. Lakini mwingine angetoka wapi? Na hata angetoka, mwanangu angeishi maisha yake yote akimtazama mke wake tumboni kwa hofu, na kila mwezi angemtafutia mhubiri mwingine wa kumpa mbuzi. Ng'ombe ningeweza kumlilia nikanyamaza. Lile la hofu nilikataa.

"Kesho ni mara ya tatu," nikamwambia. "Kula."

Jumatano Mhubiri hakutoka nje. Aliongea kupitia mlango uliofungwa.

"Mtumishi wa Mungu hana bwana duniani!" akapiga kelele. "Mwambie huyo mama, na weye mzee kiziwi, yeyote anayesema minye ni mtu wake ni mwongo! Sijapewa na mtu!"

Mlango ulikuwa upande wa sikio zima. Niliona uso wa Nkeshimana unabadilika. Kwa miezi minane jina lake lilipazwa kanisani, naye alilibeba kama nishani, na sasa aliambiwa hakuna aliyetoa. Tulipoachana akaniambia tu, "Kesho nitawaswaga kama alivyoniamuru. Uwepo." Nikamwambia nitakuwepo kabla ya jogoo wake.

Alhamisi jua lilikuwa kali na upande wa milima mawingu yameanza kukaa. Kijiji kizima kilikuja barabarani, maana Nkeshimana, kiziwi yule, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Pudentienne alikuja, na Inamahoro nyuma yake. Térence alisimama mbali. Kamio ikafika na vumbi lake, na mswagaji wa wachinjaji akaruka chini, jamaa mmoja mrefu aliyeitwa Manirakiza, Murundi kama sisi, fimbo begani. Mhubiri alikuwa tayari, sanduku miguuni.

Manirakiza akashika kamba ya Gaju, kwa kuwa alikuwa wa mbele. Akamtazama meno, akampapasa mgongo. Halafu akauliza lile ambalo kila mswagaji wa kwetu anauliza kabla ya kupakia, maana hataki vita na watu:

"Hii ng'ombe, nani alikupa?"

Ndugu zangu, mazoea yana taabu. Miezi minane kila alipoulizwa hivyo alijibu kwa sauti moja. Mhubiri akanyoosha kifua, akasema kama Jumapili:

"Generose amenipa ng'ombe!"

Hakuna aliyepiga makofi.

"Generose iko hapa?" akauliza Manirakiza.

"Minye huyu," nikasema.

"Umemwachilia, mama?"

"Sijamwachilia. Nimemwita uzioni mara tatu. Shahidi wangu huyu."

Nkeshimana akasogea. "Jumatatu alicheka. Jumanne alikasirika. Jana alisema hakupewa na mtu. Nimesikia vizuri, na hili ni sikio linalosikia."

Manirakiza akaachia kamba kana kwamba imeshika moto. "Bwana," akamwambia Mhubiri, "minye sipakii ng'ombe mwenye bwana wake barabarani. Nitapitaje tena huku?"

Mhubiri akabadilika rangi. Kwanza alitabasamu, akasema ni mambo ya kishenzi. Halafu akasema ni sadaka, na sadaka haina bwana.

"Sadaka?" nikamwambia. "Sadaka ninaijua. Nimeitoa kwa mapadri tangu nibatizwe, na hakuna padri aliyewahi kusimama akasema Generose amenipa mimi. Sadaka inapokelewa kwa jina la Mungu. Weye ulipokea kwa jina langu, na mkononi mwako, na mara mbili, maana niliomba urudie. Kama ungesema Mungu amepewa, leo ningekuwa nimekaa kimya ninalia. Ulimi wako ndio uliokufunga. Maji umeyavulia nguo, sasa yaoge!"

Watu wakaanza kucheka, kidogo kidogo. Yeye akainua ule mkono wake wa kubariki.

"Ng'ombe wote wa dunia ni wa Mungu!"

"Ndiyo," nikasema. "Na Bwana Yesu mwenyewe aliazima punda kuingia mjini. Sijasikia popote kwamba alimpakia kwenye kamio."

Hapo Nkeshimana akamwendea ng'ombe wake, yule mweusi mwenye doa. Alikuwa bado anaogopa, niliona. Akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi: "Na huyu, nani alikupa?" Kanisa zima likamjibia: "Nkeshimana amekupa ng'ombe!" Wakacheka sasa kwa nguvu. Mwanamke mmoja akaja kwa ng'ombe wake, "Na huyu?" na mwingine, na mwingine. Maskini Mhubiri! Alikuja Bwegera bila bwana hata mmoja, na asubuhi ile akajikuta nao kumi na mmoja, kila mmoja ana uzio wake, ana paa lake linalovuja, ana shamba lake la kufyeka. Mmoja alikuwa ameshaanza kumweleza mahali jembe lilipo.

Alipoona hana njia, alirudi kwenye silaha yake. Akageuka, akamtafuta Térence kwa macho katikati ya watu, akamnyooshea kidole.

"Chukueni!" akasema. "Chukueni ng'ombe wenu! Lakini weye, kijana, sikia: kama huyu ng'ombe ataingia nyumba ya msichana, tumbo lake limefungwa. Nimelifunga leo."

Kicheko kikafa. Hata minye nilikosa neno, ndugu zangu, na hilo halitokei. Nilimtazama mwanangu. Ng'ombe alikuwa amerudi, kamba iko mkononi mwangu, lakini kama Térence angerudi nyuma hatua moja, ningekuwa nimeshinda bure.

Térence alitembea mpaka mbele yake. Nilifikiri atampiga. Nilifikiri pia atapiga magoti.

"Siku ya kwanza," akasema, polepole, "uliniambia ni Mungu anayefunga. Leo unasema ni weye."

Mhubiri akatazama sanduku lake.

"Minye nilikuogopa kwa ajili ya Mungu," akasema mwanangu. "Kumbe ni weye tu."

Akaja kwangu, akachukua kamba ya Gaju. Akatembea naye katikati ya watu mpaka kwa Pudentienne, akasimama pale, jasho linamtoka, akasema maneno ya mahari yote bila kukosea, barabarani, mbele ya kamio. Pudentienne alimtazama Gaju, akatazama mawingu ya milimani. "Mvua bado," akasema, "umewahi." Inamahoro alijifunika uso kwa kitenge, lakini macho yale ya kucheka niliyaona.

Kamio ikaondoka tupu. Mhubiri alikuwa ameinama kuchukua sanduku lake. Nikaweka mguu wangu juu yake.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Mama, umepata ng'ombe wako."

"Ng'ombe nimepata. Maziwa ya siku nne umekunywa. Uzio bado."

Akatazama watu, akitafuta mmoja wa kumhurumia. Manirakiza, ambaye aliachwa na kamio kwa hiari yake ili aone mwisho, akampa panga.

Alifanya kazi mpaka jua linataka kuzama, na suruali yake nyeupe mpaka magotini matope ya kijito. Matete aliyakata mafupi, miti aliisimamisha bila kuichimbia vizuri, na fundo hakujua kulifunga. Minye nilikaa juu ya kinu nikimwelekeza, na maji nilimpa kila alipoomba, maana mtu wako humwui kwa kiu. Alipomaliza nilisimama mbele ya majirani, nikamwambia kama Venant alivyoambiwa: "Nimekuachilia. Kwenda." Lakini lile la mwisho, kwamba amekuwa mtu mzima, sikulisema. Akapanda velo. Usiku ule ule mvua ya kwanza ikanyesha, na Gaju alikuwa amelala kwa Pudentienne.

Mke wa Nkeshimana alirudia maziwa yake. Kikohozi hakikuisha, alikufa nacho mwaka uliofuata, nisiwadanganye. Lakini alikufa ameshiba, na mzee hakumtafutia laana.

Ule uzio uliegemea upande mmoja tangu siku ya kwanza, na chini yake alikuwa ameacha tundu la kupita mtu mdogo. Térence alitaka kulifunga mara nyingi, nikamkataza. Tumbo lile lililofungwa barabarani limenipa wajukuu wanane, na wote wanane walijifunza kutambaa kwa kutorokea pale.